Mahubiri Niliyoyaokota Nyumbani

Wainjilisti wenzangu mnaoanza kazi, mchungaji amenitaka niwaandikie niliyojifunza kabla sijayasahau. Nimemwambia tatizo langu si kusahau. Tatizo ni kwamba mambo mengi nayakumbuka kama nilivyoyahubiri, si kama yalivyotokea, na nikikaa na kalamu sijui kipi ni kipi. Amesema niandike hivyo hivyo. Basi naandika hivyo hivyo.

Jambo moja kwanza. Ziko sehemu zinazomhusu binti yangu, Tumaini. Amezisoma mwenyewe, na nyingine amezikata kwa kalamu nyekundu, maana ni mwalimu. Mkiona mahali habari inaruka, si macho yenu.

Nilikuja Dar es Salaam kutoka Njombe nikiwa kijana, nina cheti cha kidato cha nne, cheti cha chuo cha Biblia na viatu vyeusi vya ngozi ambavyo niliambiwa ndivyo vya mjini. Nikapangiwa kituo cha kuhubiria kilichokuwa mbele ya Mbagala, upande wa Mbande. Siku hizo huko hakukuwa mji. Kulikuwa na mihogo, mikorosho na njia za miguu zilizokuwa zikihama kila mvua ikinyesha. Kanisa lilikuwa banda la makuti, na kengele ilikuwa ringi ya lori tuliyoigonga kwa nondo.

Jumapili yangu ya kwanza nilihubiri juu ya neno moja la Kigiriki. Chuoni tulikuwa tumefundishwa machache na niliona haya kukaa nayo bure. Baada ya ibada nilimkuta Mzee Barnaba ananisubiri mlangoni. Alikuwa mzee wa kanisa, fundi seremala kutoka Masasi, na mabenchi yote ya banda lile alikuwa ameyatengeneza yeye.

"Umesema vizuri, Mwinjilisti."

"Asante, Mzee."

"Na kina mama waliolala wamelala vizuri. Wiki nzima wanalima." Akaangalia miguu yangu. "Hicho kiatu mbona kimefungwa kamba?"

Nikamweleza kwamba kule bondeni Mzinga tope lilikuwa limeking'ang'ania, nikavuta, soli ikabaki chini. Mama mmoja aliyekuwa anatoka shamba, ambaye nilikuwa nimempita bila kumsalimu, alirudi, akaiopoa ile soli na kunifungia kwa kamba ya ukindu, huku akiniuliza kama kwetu hatuamkiani.

Mzee Barnaba akacheka mpaka akashika mlango. "Sasa wewe unakuja na hiyo habari mguuni, halafu unatuambia Kigiriki!"

Jumapili iliyofuata nikasimulia habari ya kiatu. Hakuna aliyelala. Tangu siku hiyo nikajua kazi yangu ni nini: kutembea, kuangalia, na kuwaletea watu walichokiona wenyewe bila kukitazama. Vitendea kazi vyangu vikawa buti za mpira, mwavuli, tochi, na kitabu cha nyimbo ndani ya mfuko wa nailoni. Nawashauri nanyi mviweke karibu, hata kama siku hizi mnahubiri kwa simu. Halafu kunyweni maji kabla ya kwenda kutembelea watu, vinginevyo kila nyumba itawapa chai na mtamaliza siku mkiulizia choo. Na msiombe sala ndefu penye sufuria jikoni. Mungu anasikia haraka kuliko mboga inavyoungua.

Nilipooa na kupata watoto, njia ya kuokota mifano ikawa fupi zaidi. Sikuhitaji hata kuvaa buti. Mke wangu, Mama Tumaini, aliunguza ugali siku moja kwa sababu alikuwa anamsikiliza jirani aliyefiwa. Ugali ule niliuhubiri vituo vitatu. Mwanangu wa kiume, Amani, aliiba sukari akaificha kwenye soksi, na sisimizi wakamfichua. Mfano huo ulipendwa sana. Leo Amani ni fundi umeme mwenye watoto wake, na wako watu wazima Mbagala wanaomwita Sukari. Nilidhani ni utani wa kawaida. Sikuwahi kumuuliza.

Tumaini ndiye niliyetembea naye. Jumamosi nilipokwenda kutembelea wagonjwa na wazee alivaa ndala zake akatangulia. Yeye ndiye aliyekuwa na macho. Kule Kisewe kulikuwa na bibi kipofu aliyefagia uwanja wake kila asubuhi. Siku moja alipita na ufagio palipokuwa pasafi, akaacha takataka zote upande wa pili, kisha akatuambia tumshukuru Mungu kwa uwanja msafi. Mimi nikashukuru. Bibi alipoingia ndani kutafuta kigoda, Tumaini akachukua ufagio, akafagia ule upande wa pili taratibu ili asisikike, akaurudisha ufagio mahali pake.

Tulipokuwa tunarudi akaniuliza, "Baba, hii nayo ya Jumapili?"

"Ya Jumapili kabisa."

Niliposimama madhabahuni nikasema kwamba nilichukua ufagio. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda niliona mfano unakwenda vizuri zaidi mhubiri akiwa ndani yake. Nimeusimulia mara nyingi mno, na mpaka leo naukumbuka mti wa ule ufagio ulivyokwaruza kiganja changu. Tumaini anasema sikuugusa, na naamini yeye ndiye mkweli. Lakini kiganja kinakataa.

Hapa kuna kipande amekikata.

Sasa nije kwenye lililo gumu. Hili nilimuuliza mara mbili kama niliache, akajibu, "Hilo kanisa zima linalijua, Baba. Andika tu."

Alikuwa ameolewa na Elibariki, kijana mzuri wa Kipare, wakaishi Chamazi. Wakapata mimba, ikaharibika. Waliojua ni mumewe na mama yake tu. Mama yake aliniambia tukiwa jikoni, kwa sauti ya chini, akichambua mchele, kama mtu anavyomwambia mumewe. Jumapili ile ilikuwa sikukuu ya mavuno na kanisa lilijaa, maana wakati huo tulishakuwa na kanisa la matofali. Somo lilikuwa la mwanamke aliyemlilia Mungu kwa kukosa mtoto. Nilikuwa nimeandaa mambo mengine. Nikawatazama watu, na kinywa kikafunguka: "Hata mimi, wiki hii, mwanangu mwenyewe..."

Nilisema yote. Nilisema kwa upendo, na machozi yalinitoka kweli. Wanawake wengi walikuja mbele wakilia, na wengine nilikuwa sijawahi kuwaona wakilia. Mama mkwe wake Tumaini alikuwa amekaa benchi la tatu. Alikuwa amekuja kutoka kwao kwa ajili ya mavuno na hakuwa ameambiwa lolote, hata kwamba kulikuwa na mimba. Nilimwona Tumaini akijifunga kanga, akainuka, akatoka kwa mlango wa pembeni, na mama yake akamfuata.

Mimi nilidhani Roho amemgusa. Nilimshukuru Mungu palepale, kwa sauti, mbele ya watu wote.

Nyumbani chakula kilikuwa kimefunikwa. Mama Tumaini alikuwa ameketi bila kula.

"Wameguswa sana leo," nikasema.

"Ulimuuliza?"

"Kumuuliza nani?"

Akanifunulia sahani. "Basi, Baba Tumaini. Kula."

Tumaini hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Aliendelea kuja sikukuu, kunisalimu kwa adabu na kuniletea mashati. Lakini kila nilipouliza hali yake alijibu, "Salama, Baba, tunamshukuru Mungu." Akipiga simu nikapokea mimi, alisema, "Shikamoo, Baba. Mama yupo?" Hata watoto wake wawili, waliokuja baadaye, niliambiwa walipokwisha kuzaliwa. Nikiingia sebuleni mazungumzo yaligeuka, yakawa ya bei ya nyanya. Nilizoea, nikadhani ndivyo watoto wanavyokua. Mama yao ndiye aliyekuwa dirisha langu. Alinidokeza kidogo kidogo, akipima. Alipofariki, dirisha likafungwa.

Nawaandikia pia upande wa pili, maana nisiposema nitakuwa nimetengeneza mfano mwingine. Yuko mama mmoja anakaa Ukonga ambaye Jumapili ile alikuwa mgeni kwenye mavuno yetu. Kila tukikutana msibani au harusini ananishika mikono miwili. Anasema alikuwa amepoteza mimba yake mwezi uleule, hakumwambia mtu, na alikuwa amepanga kufanya jambo baya, na maneno yale ndiyo yaliyomrudisha nyumbani. Ana mtoto anaitwa Rehema. Nikitoka kwake najiona mtumishi wa Mungu. Nikifika nyumbani nakuta mashati yaliyokunjwa na mwanangu ameshaondoka. Nimeomba nielewe ipi kati ya hizo mbili ndiyo kazi niliyoifanya. Sijaelewa.

Nilistaafu. Wakaniaga kwa nyimbo na jogoo. Haukupita muda nikaanza kuona jambo kwa Tumaini. Alikuwa amekonda. Kwenye ubatizo wa mtoto wa Amani alikaa muda wote, yeye asiyejua kukaa penye sufuria. Watu walikuwa wakimpokonya vyombo mkononi bila kusema neno, kila mtu, hata wifi zake, na nikaona kwamba kila mtu anajua.

Nikamvuta Amani pembeni, penye matenki ya maji.

"Dada yako ana nini?"

"Mzee, mie sisemi. Muulize mwenyewe."

"Kwani familia hii tunafichana?"

"Hatufichani, Baba," akasema Amani, na hakuwa anatania. "Tunakuficha wewe."

"Mimi ni baba yake!"

"Ndiyo. Na Jumatano jumuiya nzima itakuwa inamwombea kwa jina, na Jumapili atakuwa mfano. Mie mpaka leo mafundi wenzangu wananiita Sukari, Baba. Nina miaka arobaini na kitu."

Niliwaza neno la kumjibu. Yote yaliyokuja yalikuwa ya kuhubiri.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Chamazi asubuhi. Nilimkuta Tumaini mlangoni, amevaa raba, ameshika chupa ya maji.

"Shikamoo, Baba. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna. Unakwenda wapi?"

"Kutembea. Nimeambiwa nitembee." Akaona ameshatoa kitu. "Napita kule nyuma mpaka shambani Kisewe, narudi."

"Naweza kuja?"

Alitazama viatu vyangu. "Haya. Ila mie natembea polepole siku hizi."

Tulikwenda. Njia zile sizijui tena. Palipokuwa na mikorosho kuna kuta na mageti, na penye kijito watu wamechimba mchanga hadi pamekuwa shimo. Lakini baada ya nyumba za mwisho bado mihogo ipo, na nyasi, na ile harufu ya udongo ulioloa umande. Mbele kidogo tukakuta mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kigingi. Alikuwa amezunguka kigingi mpaka kamba ikaisha, kichwa kimebanwa kabisa pale chini, na majani mabichi yamemzunguka pande zote asiweze kuyafikia.

"Ushaanza," Tumaini akasema.

"Nimeanza nini?"

"Huyo mbuzi unamhubiri. Nakuona usoni."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeshafika sehemu ya pili. Tukacheka wote wawili, na sikumbuki lini tulikuwa tumecheka pamoja. Kisha yeye akamshika mbuzi pembe, akamzungusha taratibu mpaka kamba ikafunguka yote, tukaendelea. Mimi nilisimama tu. Safari hii naandika kama ilivyokuwa.

Nikamwambia habari za yule mama wa Ukonga. Sikuwa nimewahi kumwambia.

"Namfahamu," akajibu. "Alinifuata siku moja. Namfurahia, na mtoto wake namfurahia. Lakini ile habari haikuwa yako kuitoa."

"Sasa kama Mungu aliitumia?"

"Muulize yeye, Baba. Mie naongea na wewe."

Tulifika kwenye gogo la mkorosho ulioanguka, akaketi kupumzika. Alikuwa anahema. Nikakaa karibu naye.

"Tumaini, una nini, mwanangu?"

"Ukijua utafanya nini?"

"Nitakuombea."

"Wapi?"

Watu wananiuliza maswali ya imani tangu nikiwa kijana, lakini hilo sikuwahi kuulizwa. Nilitaka kusema popote. Nilitaka kusema kwamba wengi wakikusanyika kuna nguvu, kwamba ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo nilivyofundisha, na kwamba kumficha mgonjwa asiombewe ni kumnyima dawa. Naliamini hilo mpaka leo. Nikamtazama mwanangu akifuta jasho kwa upande wa mkono, kama mama yake.

"Chumbani kwangu," nikasema.

"Na Jumatano, jumuiyani, wakikuuliza?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui nitaweza, Tumaini. Nakwambia ukweli. Sijawahi kujaribu."

Nikaona nimeharibu. Kisha akanywa maji, akafunga chupa, akaniambia.

Alichoniambia sikiandiki. Hapa hakuna kipande kilichokatwa. Mimi mwenyewe sikukiandika. Alimaliza kwa kusema kuna vipimo ambavyo majibu yake yalikuwa yanasubiriwa, na kwamba asingetaka kusikia jina lake kwenye mdomo wa mtu yeyote mpaka yajulikane. Tukarudi polepole. Mlangoni hakunikaribisha chai, akasema anakwenda kulala.

Jumatano sala ya jumuiya ya mtaa wetu ilikuwa nyumbani kwangu. Wanajumuiya walikaa kwenye mikeka na viti vya plastiki, jua likizama. Mwenyekiti wetu ni Mama Shukuru, muuza vitenge, mwanamke asiyeogopa mtu. Tuliimba, tukasoma, ikafika saa ya mahitaji. Mmoja akataja mwanawe anayetafuta kazi, mwingine mguu, mwingine mgogoro wa kiwanja. Wote kwa majina, kama nilivyowafundisha.

"Na mwenye nyumba?" akauliza Mama Shukuru. "Mwinjilisti, wewe hukosi."

Ndugu zangu, nilikuwa nimebeba kitu kizito kuliko vyote nilivyowahi kupeleka mbele ya watu. Palikuwa na watu wa kunisaidia kukibeba, wanaonipenda, mikono tayari wameiinua. Nilifungua kinywa. Nilijua hata sentensi ya kwanza ingekuwaje.

"Leo sina," nikasema.

"Huna?" Mama Shukuru akawageukia wenzake. "Jamani, Mwinjilisti hana hitaji! Leo mvua ya mawe."

Wakacheka. Akaniangalia tena, akiwa hacheki. "Na watoto wote salama?"

"Tumwombee huyo mwenye kiwanja," nikasema.

Tukamwombea. Nilifumba macho pamoja nao, na midomo yangu ilikuwa inakwenda kama ya wengine, lakini ndani sikuwa na maneno. Nilimwambia Mungu tu jina la mwanangu. Walipoondoka nikakusanya viti. Sikujisikia mtu aliyefanya jema. Nilijisikia mtu aliyeliongopea kanisa, maana kusema sina hitaji ulikuwa uongo, na nimekemea uongo mdogo kuliko huo. Nikafikiri labda maombi yao ndiyo yangegeuza yale majibu, na mimi nimeyazuia mlangoni. Nikafikiri pia kwamba Mungu hangojei Mama Shukuru ndipo ajue. Nikalala nikiwa na hayo yote mawili. Bado ninayo. Msiniandikie kunieleza, wachungaji wawili wameshajaribu.

Hivyo ndivyo nilivyo baada ya kazi yote. Nikiwashauri mwache kuhubiri maisha yenu, nitakuwa nimemkana Mzee Barnaba na kile kiatu. Nikiwashauri mwendelee, nitakuwa nimemsahau Tumaini akitoka kwa mlango wa pembeni. Tembeeni, angalieni. Lakini mkiokota kitu ndani ya nyumba, ulizeni kwanza ni cha nani. Zaidi ya hapo sijui.

Ijumaa ya wiki ile ile nilikuwa uani nikianika buti. Simu ikaita. Nikaona jina lake, na moja kwa moja nikajiandaa kumwambia mama yake hayupo, kisha nikakumbuka kwamba hayupo kweli.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Uko na nani hapo?"

Kwa jirani kulikuwa na watu wanaongea. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikafunga na dirisha.

"Niko peke yangu," nikasema.

"Haya, kaa chini," akasema Tumaini. "Majibu yametoka. Nimeona nianze na wewe."